Nilikula kuku wa Mama Kavira kwa ajili ya tetesi ya filamu ya mashujaa

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo, mji wa baridi na vumbi kwa wakati mmoja.

Hii kitu imekaa kifuani mwangu wiki tatu na leo naitoa. Yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Atakayesema ni chai, hadithi ya kutunga, simlaumu, maana hata mimi nilipokuwa ndani yake nilitamani iwe chai.

Kiswahili changu ni cha huku Kongo na shule niliishia njiani, donc wale wa kusahihisha wenzao mnivumilie.

Kazi yangu ni kuwekea watu filamu. Nina kibanda kidogo karibu na soko, kompyuta moja, batri ya sola, na nyaya nyingi kuliko wateja. Unaleta flash au simu yako, nakujazia, unaenda.

Na filamu za mashujaa nazipenda sana, wakuu. Nina hata daftari ninaloandika filamu yangu mwenyewe. Shujaa wangu anatoka Kirumba, anashuka kwenye lori la viazi, na nguvu yake ni kwamba akigusa barabara kwa mguu tope linakauka.

Dada yangu Masika alisoma akanirudishia daftari. "Huyu hapana shujaa. Huyu ni serikali yenye inatumika kazi."

Nikamwambia ndiyo maana ni filamu.

Sasa, nina group ya WhatsApp ya wapenzi wa hizi filamu, watu wa Butembo na Beni. Mimi ndiye admin. Kila asubuhi napitia kurasa za tetesi za Kiingereza, nazipitisha kwenye translate, nanyoosha lugha, napost.

Hapa naomba nipumue kidogo, maana hizi kurasa zimenichosha kabisa.

Jumatatu: fulani amechukuliwa. Jumanne: fulani yuko kwenye mazungumzo. Jumatano: fulani hajaongea na mtu yeyote. Alhamisi: filamu imesogezwa mbele. Ijumaa: haikusogezwa, iliyosogezwa ni ile nyingine. Jumamosi fulani anapost emoji ya radi, halafu Jumapili nzima watu wazima wenye watoto wanabishana radi ikielekea kushoto ina maana gani.

Na chanzo siku zote ni "mtu wa karibu na studio". Huyu mtu wa karibu na studio hana kazi nyingine? Anavujisha kila siku, kwa nini hawamfukuzi?

Turudi.

Asubuhi moja nakuta ukurasa umeandika hivi: kwenye ile filamu kubwa inayosubiriwa (siitaji jina, mtaacha uzi wangu mbishane juu yake), nafasi ya shujaa mpya anayevaa mask mwanzo hadi mwisho inakaribia kupewa kijana asiyejulikana mwenye asili ya Kongo. Jina lake Kasereka. Chini yake kuna clip ya sekunde chache, mtu wa mask anatembea kwenye mvua.

Niwaeleze wasiotoka huku. Sisi Wanande jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, ambaye ndiye mimi. Kwa hiyo ukisema Kasereka umesema tu mtoto wa kiume wa tatu. Simama kwenye uwanja wetu wa mpira uite Kasereka, mechi inasimama.

Nilijua hivyo vizuri. Mais nilipoona jina lile limekaa katikati ya Kiingereza, akili ililala. Ilikuwa kama kumwona ndugu yangu kwenye dirisha la ndege.

Ukurasa ulisema "Kongo".

Mimi niliandika "mtoto wa Beni".

Hesabu zangu zilikuwa hizi: Kasereka lazima ni wa kwetu. Wa kwetu, kama si wa Butembo ni wa Beni. Angekuwa wa Butembo tungeshajua. Basi ni wa Beni.

Nikatengeneza poster na picha ya yule wa mask, herufi kubwa: MTOTO WA BENI NDANI YA FILAMU YA MASHUJAA. Nikapost pamoja na clip. Wakuu, siku ile simu ilitetemeka hadi ikaanguka mezani.

Siku mbili baadaye ukurasa uleule unasema ah, Kasereka hayumo, huenda hakuwahi kuwamo, na clip ilitengenezwa na shabiki kwa kompyuta. Hawakuomba hata radhi. Chini yake wakaweka tetesi nyingine.

Nikapost sahihisho. Hakuna aliyelisambaza. Mmoja akaandika: "Admin iko na wivu." Mwingine: "Admin ni Kakule, anaonea mukubwa wake Kasereka wivu." Wakacheka wiki nzima.

Nikasema basi, imeisha.

Kuna dereva anaitwa Papa Idi, Mwislamu mmoja mtaratibu, lori lake linaenda na kurudi Beni na Butembo. Siku moja nilipokuwa nimetoka kutafuta waya, akaacha mzigo kwa Masika: mkungu wa ndizi na kuku amefungwa miguu. "Ni ya kaka yako," akasema, akaendelea na safari.

Masika akadhani ni mteja anashukuru. Mimi nikadhani Masika anajua ni mteja gani. Kuku akaenda kwenye sufuria. Nisiwafiche, alikuwa mtamu.

Siku iliyofuata asubuhi Papa Idi anapita tena.

"Kuku ulipata?"

"Nilipata, Papa. Ilitoka kwa nani?"

"Mama Kavira wa Beu, kule Beni. Anauzisha ndizi pale soko. Ndio mama ya ule Kasereka uliandika iko mu filme. Anasema mutu mwenye analeta habari ya muzuri hapana kubaki mikono wazi."

Nilikaa chini kwenye kreti.

Akanieleza yote. Mama Kavira ni mjane, ana watoto wa kiume watatu. Huyu wa mwisho, Kasereka, alivuka mpaka kutafuta kazi, akawa anapiga simu kila mwezi, halafu simu ikakatika. Sasa ni mwaka wa nne. Ndugu za marehemu mume wake walishamwambia wafanye matanga bila mwili, mambo yaishe. Yeye amekataa. Kila mwaka wanarudi, kila mwaka anakataa.

"Sasa iko na karatasi yako," Papa Idi akasema. "Walimuprintia. Anawaonyesha: muliona? Na aliandikisha misa ya kushukuru, ya siku ya Mungu hii, Jumapili."

"Papa Idi, ile habari ni ya uongo."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Na kuku?"

"Tulikula."

"Basi panda lori."

Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Mama, unajua hizi kurasa, unajua studio, wakati wa casting, kuchagua waigizaji, mambo hubadilika. Papa Idi alinisikiliza mpaka akachoka.

"Mama hapana kujua studio. Umuambie: nilidanganya."

"Sikudanganya, Papa. Nilipost tu cha watu."

"Mie niko nabeba gunia za watu. Tukifika ku barrière ya polisi, ndani ya gunia kukiwa kitu ya mubaya, banakamata nani?"

Alijua najua.

Beu tulifika mchana, soko limejaa. Nilimtambua Mama Kavira kabla ya kuonyeshwa, kwa sababu poster yangu ilikuwa kwenye nguzo ya meza yake, ndani ya plastiki ili mvua isiiharibu. Mama mdogo wa mwili, kitenge kimefungwa vizuri kama anaenda kanisani.

Akashika mikono yangu yote miwili.

"Jina yako nani, mutoto?"

"Kakule, mama."

Akacheka, akawageukia wenzake wa meza za jirani. "Mumesikia? Mie nilizaa batatu, Kakule sikupata. Kasereka akitangulia, Kakule anafuata. Ndio huyu."

Wakuu, mimi ni mtu wa machozi karibu. Nilitazama ndizi.

Hata kabla sijafungua mdomo, akachukua simu ya mama wa meza ya pili, akaicheza ile clip. Alishajua pa kubonyeza.

"Angalia bega ya kuume. Alibebaka ndizi kutoka shamba ya Mabalako tangu iko mudogo, siku zote bega moja. Ile bega ilishuka. Uniambie, nani mwengine anatembeaka vile?"

Nikaangalia. Na kweli, ukiambiwa hivyo, unaona bega limeshuka. Mimi niliyejua kwamba ndani ya ile mask hakukuwa na mtu, kwamba hakukuwa hata na mvua, niliona bega.

Nikasema. Sikuanza na studio.

"Mama, nilikudanganya. Huyu si mtu. Ni picha ya kompyuta. Hakuna aliyetembea pale."

Akaja mteja, mama akamchagulia ndizi, akamfungia, akamwambia asante. Halafu akanirudia.

"Na jina?"

"Jina waliandika wao. Sijui kama yupo ao hayupo. Walisema wa Kongo."

"Na Beni?"

"Beni niliweka mimi."

"Weye."

"Mimi, mama."

"Juu ya nini?"

Majibu niliyoandaa njia nzima kutoka Butembo niliyaacha. Nikasema lililobaki.

"Nilitaka awe wa kwetu."

Hakuwa na hasira, na hicho ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Akasema polepole:

"Na mie."

Akabandua poster kwenye nguzo. Hakuichana. Aliikunja mara nne, akaiweka chini ya kitambaa cha meza.

Papa Idi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu kama shahidi, akakohoa. "Mama Kavira, na ile misa? Mutaifuta?"

"Misa hapana kufutwa kama bei ya mahindi ku ubao," akasema. "Nitaenda kwa katekista abadilishe neno moja. Tulikuwa tunashukuru. Sasa tutaomba." Akafikiri kidogo. "Na ule wa filme, kama iko kweli, tumuombee pia. Naye iko na mama."

Nilitaka kurudi siku ileile. Papa Idi akasema lori lake halibebi watu wanaokimbia. Nikalala kwake siku mbili, na Jumapili nikaenda misani.

Msomaji aliposema, "Kwa ajili ya Kasereka aliye mbali, Mungu amrudishe nyumbani," kanisa zima vichwa viliinuka. Si mnajua, Kasereka ni wa kila nyumba. Halafu niliona kina mama mmoja mmoja wanainama, kila mmoja na wake.

Shemeji za Mama Kavira walikuwa benchi la pili. Walipotoka walimsalimia. Neno la matanga halikutajwa siku hiyo. La kesho silijui.

Nilimwomba picha ya kweli ya mtoto wake. Alikuwa nayo moja: kijana ameegemea baiskeli, anacheka, bega la kulia chini. Niliiweka kwenye group na maelezo yote, nikakiri kwamba Beni niliiongeza mimi.

Sasa sikieni kinachonichosha zaidi.

Uongo wangu ulifika hadi kwa watu ambao hata sijui walipata wapi namba yangu. Ukweli wangu umepitishwa na wachache wa kuhesabu kwa vidole, na mmoja wao ni Masika. Swali la kwanza lililoingia chini ya picha lilikuwa: "Admin, na trailer inatoka lini?"

Na jana, wakuu, jana tu, ukurasa uleule unaandika kwamba Kasereka amerudi kwenye mazungumzo. Kwa mujibu wa mtu wa karibu na studio.

Niliublock. Kusema kweli mkono ulisita.

Filamu bado nazipenda na daftari bado naandika. Shujaa wangu wa Kirumba nimempunguzia nguvu kidogo. Ila nilichojifunza ni kwamba mtu haongezi neno kwa ubaya tu. Mimi niliongeza kwa mapenzi, na neno likaenda kukaa kwenye meza ya mama wa watu, ndani ya plastiki, kama ushahidi. Gunia ukilibeba, ni lako.

Mnaotaka kunisema, nafasi ni yenu, nimevaa koti la mvua. Mnaotaka kubishana nani anafaa ile mask, tafadhali fungueni uzi wenu.

Mais kabla ya hayo: kama uko Kampala, Arua, Juba, popote watu wetu walipokwenda, na unamjua kijana wa Beu anayeitwa Kasereka, anayetembea bega la kulia likiwa chini, mwambie mama yake yuko pale pale sokoni. Meza hajahamisha. Matanga hajakubali.

Kuku mwingine nimeshamtafuta. Nimemfunga nyuma ya kibanda, Masika amekatazwa kumgusa. Yule ni wa mtu atakayeleta habari ya kweli.