Uso wa Maige Ukutani

Getruda hakuweza kuchora mtu bila kumtazama mtu. Malaika aliyemchora kanisani ana mashavu ya Paskazia muuza dagaa, na daktari wa ukutani pale zahanati ni yule fundi baiskeli wa Kisesa, kabisa. Watu walicheka, wakafurahi kujiona.

Basi shule moja ya Mkolani ikamwita achore safu ya binadamu wa kale. Alipofika kwa Mneanderthali, mmoja wa wale watu wa Ulaya waliotoweka zamani sana, mwalimu wa wakati ule alimwambia amchore zuzu, mgongo umepinda, rungu mkononi. Getruda hakuhangaika. Nyumbani alikuwepo kaka yake Maige, kibiongo tangu utotoni, paji la uso limetokeza. Alimchora akiwa amejilalia zake mchana, bila hata kumwomba.

Picha ilitoka vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Watoto walimtambua, wakampa Maige jina la yule wa ukutani. Tangu hapo, ili asikutane nao, akawa anakwenda sokoni kwa kuzunguka nyuma ya majabali ya mlimani, na mgongo ule, kwenye mwinuko ule. Getruda akajidanganya kwamba kaka anapenda upepo wa kule.

Mwaka huu mwalimu mgeni, Winnie, alimwita aifute picha ile, achore nyingine. Alimweleza kwamba wataalamu wamebadili mawazo: watu wale walitembea wima kama sisi, walizika wafu wao, na mifupa yao inaonyesha waliwatunza walemavu wao miaka mingi. Getruda alisikiliza, rangi ikikauka kwenye brashi. Alikumbuka mama yao alipofariki, nani alimpikia yeye uji, nani alimbeba mgongoni, mgongo huohuo, alipougua surua. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

Alimkuta Maige uani akichambua choroko. Akamwamkia, akaomba radhi, kisha akamsihi akae achorwe upya, safari hii kama mtu.

Maige aliendelea kuchambua kidogo.

"Nilishakusamehe siku nyingi, mdogo wangu," alisema. "Lakini uso wangu nirudishie. Usiuweke tena ukutani."

Sasa ukutani yupo mtu aliyesimama wima, anamnywesha mgonjwa maji. Uso hana. Getruda alijaribu nyuso za watu wengine, mkono ukakataa. Na Maige, ingawa picha ile ilishafutwa, bado anazunguka nyuma ya majabali.