Mtomoko wa Kamanthe

Mtu akifa, hata awe mbaya namna gani, hugeuzwa malaika. Kioko alipofariki, kijiji chetu chote hapa Kangundo kilisema alikuwa mume mwema. Mimi jirani yake nilinyamaza, maana matangani si mahali pa ukweli.

Mkewe Kamanthe aliwafulia masista wa misheni tangu ujana. Sista mmoja alipostaafu na kurudi kwao Ulaya, alimwachia picha ya zamani ya mtomoko katika fremu ya kioo: mti uliochapwa kwa mistari myembamba ya wino, ukapakwa rangi kwa mkono, na tomoko moja limepasuliwa likaonyesha nyama nyeupe na mbegu nyeusi. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha Kioko. Picha hiyo tu ndiyo ilikuwa ya Kamanthe, na kwa sababu ilikuwa yake, Kioko alikuwa akitia ugoro mdomoni, akalenga kioo, akatema. Mate ya kahawia yalichuruzika juu ya matomoko, na mkewe akayapangusa. Niliyaona mwenyewe nikiwa mgeni pale, na chai yao sikuimaliza.

Kwetu jeneza haliendi kaburini bila picha ya marehemu kubebwa mbele. Mwana wao Rodgers, anayefanya kazi kiwandani Athi River, alikuza picha ya kitambulisho cha baba yake, akasahau fremu. Asubuhi ya mazishi akaiangua ile ya mama yake ukutani, akakoroga gundi ya unga wa ngano, akambandika mzee katikati ya mtomoko.

"Mwaitu, si iko sawa tu? Hii ilikuwa picha ya matunda," akamwambia mama yake.

Mjane atabishana vipi na watu wamejaa uani?

Baada ya mazishi fremu ilirudishwa palepale ukutani, juu ya meza ya chakula. Tangu hapo chakula kikamshinda. "Nikiinua macho namwona anataka kutema," aliniambia. Alikonda hadi nguo zikampwaya.

Asubuhi moja akaniita. Alikuwa ameitoa picha kwenye fremu na kutia maji ya uvuguvugu kwenye karai. Nikamwonya kwamba rangi zile zitatoka pamoja na gundi. Akasema anajua, amefua maisha yake yote.

Akailaza picha majini. Uso wa Kioko ulivimba, ukajikunja, ukabanduka kama utando wa maziwa, na maji yakageuka kijani. Nilitazama pembeni. Kilichobaki kilikuwa mti wa wino mtupu. Kamanthe akauanika kwenye kamba kwa vibanio, na ulipokauka akaurudisha kwenye fremu.

Rodgers alipokuja kumwona alisimama mlangoni akiukodolea macho ukuta.

"Mwaitu, baba ako wapi?"

Kamanthe alikuwa mezani anakula tomoko. Akatema mbegu kiganjani, akaziweka kando ya sahani.

"Si mlimzika," akasema. "Kaa ule."