Mwaka Niliotafsiri Kiitaliano

Juzi binti yangu alinionyesha simu yake tukiwa tumeketi nyuma ya mikungu ya ndizi pale sokoni Keroka, tukingoja mvua ipungue. "Mathe, cheki hawa wazungu wa zamani," akasema huku akicheka. Nikaangalia bila hamu, maana simu hiyo huwa na upuuzi mwingi. Halafu nikaona ngazi. Ngazi pana, nyeupe, yenye taa kila kipandio, na mwanamke mwenye manyoya ya ndege kichwani akishuka bila kuangalia miguu yake. Kabla hajafika chini nilijua kwamba atatokea mwanamume mfupi wa koti la kung'aa, atambusu mkono, kisha atajifanya amejikwaa. Akatokea. Akambusu. Akajikwaa.

Ndugu yangu, mimi sijafika Italia. Sijafika hata Mombasa. Lakini kuna mwaka mmoja wa televisheni ya Italia ninaoujua mwezi kwa mwezi, na laiti ningejua namna ya kuusahau.

Nilikuwa darasa la sita, ambalo ndilo darasa langu la mwisho. Misheni yetu, juu huko milimani kwenye mashamba ya chai, ilikuwa na padri Mwitaliano, na nyanya yangu ndiye aliyempikia. Dada yake padri alikuwa akirekodi vipindi vya kwao na kumwekea kwenye kanda, ili ndugu yake asisahau nyumbani. Sanduku la kanda lilifika mwishoni mwa mwaka uliotangulia, lakini padri mwenyewe figo zilikuwa zimemshinda, akarudishwa kwao kutibiwa. Alimwachia katekista funguo zote: wa kanisa, wa jenereta, na wa kabati la televisheni. Tukabaki na Waitaliano wa mwaka mzima bila Mwitaliano hata mmoja.

Kanda zilikuwa kumi na mbili, kila moja imeandikwa mwezi kwa kalamu ya bluu. Mwaka haukuandikwa. Katekista alikuwa mtu wa kalenda, mtu wa kujua leo ni Jumapili ya ngapi baada ya Pentekoste. Akaamua kwamba kanda ya Januari itaonyeshwa Januari, ya Februari itaonyeshwa Februari, "ili twende pamoja na wenzetu wa Roma." Hakuna aliyemuuliza kitu. Tulipoona theluji mwezi wa kwanza tulisema, masikini, leo Waitaliano wanapigwa na baridi.

Basi kila Jumapili baada ya misa tulijazana ukumbini. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya petroli, ya sweta zilizolowa, na ya mandazi ya mwenye duka aliyeuzia pale mlangoni. Yeye ndiye aliyeleta petroli ya jenereta, kwa hiyo alijiona kama nusu ya padri. Wasabato nao walikuja, maana siku yao ilikuwa imeshapita jana. Saa tisa mvua ilianza kupiga mabati, sauti ya televisheni ikazama, na hapo watu walipiga kelele: "Wanasema nini? Wanasema nini?"

Ni mwenye duka aliyenisimamisha juu ya benchi. "Si huyu ni mjukuu wa mpishi? Anakula chakula chao, anajua maneno yao. Moiseke, wewe msichana, tuambie!"

Niseme ukweli leo. Nilijua maneno ya jikoni. Nilijua maji, mkate, chumvi, haraka, na basi inatosha. Lakini watu wazima mia wakikuangalia wewe, mtoto uliyezoea kuchuma mboga za managu na kuteka maji na kunyamaza, utajikuta umefungua mdomo. Nikasema, "Anasema karibuni nyote, na poleni na mvua." Wakapiga makofi! Tangu siku hiyo benchi la mbele lilikuwa langu. Nilipewa njugu, nilipewa mandazi yaliyovunjika. Kwenye taarifa ya habari niliwapa ugomvi wa mpaka wa shamba. Tangazo la sabuni niliwapa mahubiri. Nyanya aliniambia jikoni, akikoroga uji wa wimbi bila kunitazama, "Ulimi wako utakuja kukutafuta." Sikusikia.

Sasa, kulikuwa na mama jirani yetu, mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa mseminari, padri alimpeleka Italia kusoma, na barua zake zilikuwa zimekatika. Mama huyo alikuja kila Jumapili na kibuyu cha maziwa mala, akaketi karibu kabisa na kioo. Wengine walimcheka kwa sababu hakuangalia wachezaji. "Nyinyi tazameni wanaocheza," aliwaambia. "Mimi natazama wanaopita nyuma."

Jumapili moja ya mwezi wa nane tuliona kipindi cha ile ngazi, mwanamke wa manyoya na mwanamume wa kujikwaa. Kilipoisha, kwenye kanda ileile ikaja habari ya usiku uleule: maandamano ya Bikira Maria, watu na mishumaa kwenye uwanja wa mawe. Nyuma kabisa akapita kijana mmoja mweusi, mrefu, amevaa kanzu nyeupe. Mara moja tu, kama mtu anayepita mlangoni.

"Huyo!" Mama alisimama mpaka kibuyu kikaanguka. "Huyo ni wangu!"

"Mama, kwani Mwafrika huko ni mwanao peke yake?" mwenye duka akamtania, na ukumbi ukacheka.

"Shingo ile niliibeba mgongoni miaka mitatu. Wewe utanifundisha shingo ya mtoto wangu?"

Katekista akarudisha kanda nyuma. Kijana akapita. Akarudisha tena. Kicheko kilikwisha, na wote wakanigeukia mimi. Mama naye alinigeukia. Maziwa yalikuwa yametapakaa miguuni pake na hakuyaona. "Mwanangu," akaniambia taratibu, "mtangazaji anasemaje juu yake?"

Ningeweza kusema sijui. Neno moja tu. Nikasema, "Anasema huyu ni kijana kutoka Kisii. Anasema atarudi nyumbani Krismasi."

Wanawake walipiga vigelegele hadi jenereta ikasahaulika. Kuanzia kesho yake mama akaanza kazi. Mwanawe alikuwa na esaiga, ile nyumba ndogo ambayo kijana wetu hujengewa akishatahiriwa, nayo ilikuwa imeanza kumong'onyoka. Aliikanda upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ukuta kwa ukuta, peke yake, akitoka kuchuma chai mikono ikiwa bado myeusi. Nilimsaidia kubeba maji. Aliimba. Aliniambia, "Wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kusalimiwa." Nikaenda kuteka maji mengine.

Barua ilikuwa imeshafika. Ilikuja misheni mwezi wa tisa, imezunguka sana njiani, na padri mmoja wa Kisii mjini ndiye aliyemsomea katekista. Kijana alikuwa amekufa kwa mapafu tangu mwezi wa pili, na wamemzika hukohuko. Katekista alitumwa akamwambie mama siku ileile. Hakumwambia. Nawataja, kwa sababu hakuna mwingine atakayewataja. Katekista aliiweka barua ndani ya kitabu cha ubatizo akasema anangoja wakati mzuri. Mwenye duka aliambiwa akashauri wangoje mpaka baada ya Krismasi, kwa maana ukumbi ulikuwa unajaa kuliko wakati wowote na wote wanakuja kumwona kwenye kioo kijana anayerudi. Na wa tatu ni mimi. Sikujua habari ya barua, lakini nilijua habari ya mdomo wangu, na nilikuwa na miezi minne ya kusema.

Siku moja kabla ya Krismasi mama alishuka Keroka na wanawake wa kwaya kungojea basi la Nairobi. Alivaa kitenge kipya. Mimi nilipewa maua ya kushika. Basi la saa nne lilipita, la saa sita, la saa nane. Kila mlango ulipofunguka kwaya ilianza wimbo, halafu wimbo ulikatika katikati. Saa kumi, wakati wanawake wameanza kuketi juu ya viatu vyao, katekista alifika na barua. Aliisema yote kwa pumzi moja, kama anayesoma matangazo ya ndoa.

Mama hakulia. Alisema, "Hapana. Nilimwona mwezi wa nane."

"Mama, mtu aliyekufa mwezi wa pili hatembei mwezi wa nane," katekista akasema. Halafu, ili macho ya watu yamwondokee, akaninyooshea kidole. "Muulize huyu mtoto. Ni yeye aliyesema."

Mama aliinama mpaka uso wake ukafika kwenye uso wangu. "Moiseke. Alikuwa ni yeye?"

Niliogopa. Nikasema yote. Nikasema sijui Kiitaliano, nilidanganya, hakuna aliyesema Kisii, hakuna aliyesema Krismasi. Na kwa sababu nilitaka kuungama vizuri, nikaongeza: "Na yule hakuwa mwanao. Hukumwona."

Akachukua maua mkononi mwangu taratibu, akayalaza kando ya barabara, akaanza kupanda mlima.

Hakunilaani. Ingekuwa nafuu. Alinisalimia miaka yote iliyofuata kama unavyosalimia mtoto wa watu. Lakini hakukanyaga tena ukumbini, na akiulizwa habari ya mwanawe alisema, "Sikuwahi kumwona tena." Shuleni watoto waliniita Mtaliano. Januari sikurudi darasani, na hakuna aliyenilazimisha.

Wote wamekwenda. Padri hakurudi. Katekista alimalizwa na sukari, mwenye duka na pikipiki. Nyanya na mama jirani wamelala chini ya migomba. Ukumbi siku hizi ni stoo ya mbolea, na pale palipokuwa na esaiga pamepandwa chai, safu zilizonyooka, huwezi kudhani kulikuwa na ukuta uliokandwa na mtu akiimba. Nimebaki mimi, na nilikuwa nimeshazoea dhambi yangu, kama mtu anavyozoea goti bovu.

Mpaka hiyo juzi. Chini ya picha za simu ya binti yangu kulikuwa na maandishi, na kwenye maandishi kulikuwa na mwaka. Nikamwambia asimamishe. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Haukuwa mwaka wangu wa darasa la sita. Ulikuwa mwaka wa kabla yake. Agosti ya sanduku haikuwa Agosti yetu. Usiku ule wa ngazi na manyoya, usiku ule wa mishumaa, kijana wa mama jirani alikuwa hai bado, amebakiza miezi sita, yuko hukohuko, ana miguu ya kutembea na shingo ya kujulikana.

Huenda hakuwa yeye. Sina njia ya kujua. Lakini mama alijua, na mimi ndiye niliyemwambia hakuona. Miaka yote nimejuta uongo niliosema ukumbini. Ule wa barabarani, niliousema nikidhani ni ukweli, sikuwahi kuuhesabu.

Mvua ilikuwa imepungua. Binti yangu alibonyeza, yule mwanamume akainuka, akaanza kusema maneno mengi ya haraka, na watu wake wakacheka.

"Mathe, si ulisema nyanya yako aliwapikia hawa? Anasema nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Sijui hata neno moja."