Begi kwenye Mizani ya Bucha

Kama kuna mtu aliyewaona watu wa mtaa ule wakiondoka, basi ni Steki, mwenye bucha. Jina lake halisi lilikwisha kusahaulika, hata na mkewe. Hakuwahi kupanda ndege, lakini hakuna aliyeipanda bila kupita kwake kwanza, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa na mizani moja tu yenye ndoano ya kuhimili begi. Ukipata kazi ya ulinzi ng'ambo, ukiolewa huko, ukienda kusoma, au ukikimbia tu mji usio na ajira, safari yako ilianza kwa begi kuning'inizwa kati ya paja na mbavu.

Steki alipima bure, tena kwa mbwembwe. "Limezidi!" alitangaza, na hapo purukushani ikaanza: akina mama wakitoa unga, mashangazi wakirudisha viatu, mtu akiapa kwamba sufuria si mzigo. Abiria akishafika alikokwenda alipiga simu kusema uwanjani begi lilionekana jepesi, hata nafasi ilibaki. Watu wakaisifu mizani ya uwanjani kuwa ina huruma.

Huruma, wapi! Mizani ya Steki ndiyo iliyokuwa na mambo yake. Springi yake aliilegeza mwenyewe miaka mingi iliyopita, kidogo tu, nyama ionekane nzito kuliko ilivyo. Si wizi, alijiambia. Ni kupunja kwa adabu. Kwa kupunja huko binti yake wa pekee alisomea uuguzi akahitimu. Hospitali za pale hazikuajiri, kwa hiyo binti akapata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya baridi. Ndivyo asubuhi ya safari, bucha ikiwa imejaa wateja, begi la binti mwenyewe lilivyopanda kwenye ndoano.

"Kilo ishirini na tano," binti akasoma. "Mwisho ni ishirini na tatu. Lazima kitu kitoke."

Akafungua zipu, akapapasa, akatoa blanketi. Mama yake alilifuma mwenyewe, jioni baada ya jioni, tangu siku visa ilipotoka. Mama alilipokea, akalikunja, akalikunja tena ingawa lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Steki alijua blanketi lingeingia. Alijua pia kwamba nyuma ya begi lile wamesimama fundi viatu, kinyozi na jirani yake wa ukuta mmoja, wote wameshika nyama aliyotoka kuwapimia.

"Rudisha tu, mwanangu," alinong'ona. "Uwanjani hawaangalii sana."

"Baba, jamani! Si wewe uliyemfanya mdogo wake kinyozi atoe viatu begini kwa ajili ya nusu kilo?"

"Tena vipya," kinyozi akakumbusha.

"Nitanunua blanketi huko huko," binti akasema.

Mama akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Steki alijikaza, akajikuna, akajifanya anatafuta kisu alichokuwa amekishika. Mwisho uzalendo ukamshinda.

"Mizani inazidisha!"

Fundi viatu akakitazama kifurushi cha nyama mkononi mwake.

"Inazidisha begi," fundi viatu akauliza polepole, "au inazidisha kila kitu?"

"Itajuaje tofauti?" Steki akajibu.

Weee! Fundi viatu alirusha kifurushi chake mezani. Kinyozi alimwita Steki majina ambayo hayajawahi kuandikwa kwenye pasipoti yoyote. Jirani alizunguka nyuma ya meza, akajikatia maini ya kutosha, akaaga kwa heshima. Katikati ya zogo hilo mama alikuwa amepiga goti juu ya begi, akilishindilia blanketi ndani.

"Mume wangu mwizi," alisema, anacheka huku machozi yanamtoka, "njoo univutie hii zipu."

Wateja walipokwisha kuondoka, kila mmoja akiapa hatakanyaga tena pale, binti alimtazama baba yake. "Umejiharibia, Baba."

"Watarudi. Bucha ni hii moja tu, watakwenda wapi?"

Binti akamkumbatia, aproni na damu zake zote. "Na mimi nitarudi."

Kila aliyempimia begi alisema hivyo hivyo, na waliorudi aliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vikabaki. Steki akasema, "Najua, mama, najua," kisha akaenda nyuma ya jokofu akalia kama mtoto.