Marehemu Aliyeomba Maji Mochwari

Wapo watakaosema nilikuwa nimesinzia. Haya, waseme. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na mimi ndiye niliyekuwa zamu mochwari hapa Korogwe.

Asubuhi ile mwenzangu alipokea mwili wa mkata mkonge wa Ngombezi. Mimi sikuwa nimeuona. Nilichojua ni kwamba mkewe, Mama Zaina, yuko polisi: alimnywesha mumewe soda siku nzima, usiku akafa. Ndugu wakasema ni sumu. Na ukiwa mwanamke wa Handeni, nani atakutetea? Watu wanakuita mchawi kabla hujafungua mdomo.

Polisi walitaka mwili upimwe. Ndugu wakanibana niwape kabla daktari hajafika.

"Kaka, huyu si mbuzi wa kupasuliwa," alisema mkubwa wao. "Tunazika alasiri hii."

Nami, Mungu anisamehe, nikakubali.

Nilipogeuka, nikamkuta mwanamume bombani.

"Naomba maji, kaka."

Nikampa jagi. Akalimaliza bila kupumua. Nikajaza la pili, la tatu. Midomo ilikuwa imempasuka, na pumzi yake ilinuka nanasi lililoiva kupita kiasi.

"Kiu haikatiki," akasema, "na mke wangu wamemfunga bure."

Kisha akaweka kidole kwenye jicho lake, akalibonyeza.

"Unaongea na nani?" yule ndugu akaniuliza kwa nyuma.

Bombani hapakuwa na mtu! Nikaingia ndani, nikafunua shuka. Ni yeye. Nikawaambia ndugu mwili hautoki, hata wakinipiga.

Daktari alipofika alichoma sindano jichoni mwa maiti, akavuta maji kidogo. Alinieleza kuwa damu ya maiti hudanganya kuhusu sukari, lakini maji ya jicho hayabadiliki upesi. Majibu yakaja: sumu hakuna, sukari imepita kiasi. Marehemu alikuwa na kisukari bila kujua. Mama Zaina akaachiwa.

Alikuja kunishukuru, kisha akauliza, "Kaka, zile soda zilimsaidia hata kidogo?"

Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya.

Tangu siku hiyo sikai mochwari peke yangu, hata mchana. Nawe, ukiona mtu wako anakunywa na kiu haikatiki, usimkimbilizie soda wala mganga. Mpeleke akapimwe sukari angali hai, asije akalazimika kunifuata mochwari kuomba maji.