Mmarekani Asiye na Watani

Du! Du! Du! Kila jioni, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi kule Geita, ulisikika mdundo ambao mama alidhani ni wa mtu anayetwanga bila kuchoka. Kumbe alikuwa Heneri, fundi wa mitambo, Mmarekani mweusi aliyekuwa bondia jeshini, akitandika gunia lililoshindiliwa mbegu za pamba. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha hakurudi kwao; alisema kule walimshangilia ulingoni, lakini akitoka nje haruhusiwi kuketi hotelini. Kuuliza si ujinga, nami, msichana mdogo, maswali yaliniwasha. Mtu anampigaje mwenzake asiyegombana naye? Na yale masikio yaliyovimba kama maandazi, yanasikia kweli? Shangazi Kabula hakukosa kunisindikiza kwenda kuchungulia, na kwa ujinga wangu nilidhani anakuja kwa ajili yangu.

Heneri alipokuja kuposa, babu hakutaja ng'ombe. Aliuliza ukoo. Heneri akajibu kwamba mababu zake waliuzwa utumwani, hajui walitoka wapi. Babu akatikisa kichwa. "Ngumi zako nimezisikia, baba. Lakini mtu asiye na kabila hana watani. Ukifa, nani atakuzika? Kabula simpi mtu wa kufukiwa kimyakimya." Nyuma ya mlango shangazi alianza kulia, nami nikamchukia babu kwa moyo wangu wote.

Mshenga alikuwa Mzee Salumu, Mzaramo aliyepika chakula cha mgodini. Akasimama. "Waliuzwa? Basi walipitia pwani, kwetu! Huyu ni Mzaramo aliyepotea. Nanyi Wasukuma, watumwa wetu, mnathubutu kumnyima mtani mke?" Babu alicheka mpaka akapaliwa, kisha akataja ng'ombe wa mahari, akaongeza mmoja kwa sababu ya ufidhuli ule. Mwezi uliofuata tukala harusi.

Siku hizi watu hupimwa hata mate ili wajue asili yao, nami nimesoma vya kutosha kujua kwamba meli nyingi za watumwa wa Marekani zilitokea pwani nyingine kabisa. Je, babu aliamini, au alikuwa akitafuta tu njia ya kukubali? Bado najiuliza. Heneri alipofariki, binamu yangu alijilaza kaburini, mimi nikayakalia majembe huku nikicheka na kulia, tukagoma Wasukuma wote, kama watani wafanyavyo msibani, mpaka tulipwe. Watoto wa Mzee Salumu wakatoa jogoo, wakamzika ndugu yao.