Kompyuta Iliyojikagua Kila Alasiri

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe miaka ile ya tisini ikielekea kwisha, kompyuta hatukuikuta mfukoni. Yetu ilikuja nyumbani kama bibi harusi, imefungwa mashuka, wapagazi wawili wanaipandisha ngazi na mtaa mzima umejaa mlangoni unataka kuona. Ikawekwa ukumbini, ikashonewa kitambaa cha darizi cha kuifunikia, na sisi watoto tukaambiwa atakayeigusa na mikono ya urojo atajuta kuzaliwa. Watoto wa leo wanalala na simu kitanda kimoja, na mtandao ukichelewa kidogo nyumba haikaliki. Sisi tulikuwa tukibonyeza kitufe, tunakaa mkekani, tunangoja.

Na yetu ilikuwa ikitungojesha kuliko za wenzetu. Kila ikiwashwa kioo kinageuka buluu, kinaandika kwa Kiingereza kwamba haikuzimwa vizuri, kwa hivyo lazima ikague diski yake kwanza. Hapo tena inaanza kukwaruza ndani kama panya darini, kimstari cha manjano kinajivuta, kinasimama, kinajivuta tena. Mama alikuwa akiwahi kukanda unga wa chapati kabla hakijafika mwisho. Kaka yangu Nassor, ambaye Kiingereza cha skuli kilimkaa, alikuwa akitusomea: imeona makosa, imeyatengeneza. Nasi tukisema alhamdulillahi.

Aliyeituma ni Mjomba Seif, mdogo wake Mama, kutoka Maskati. Aliondoka Unguja kijana, na kila mwaka karatasi zake za kazi zilikuwa na sababu mpya ya kumzuia asirudi. Yeye na Bibi, mama yao, walikuwa wakipelekeana kaseti, na nyinyi wenzangu mnajua mambo yalivyokuwa: Bibi anasema upande mzima, msafiri anaipeleka, Mjomba anasikiliza, kisha anarikodi majibu juu yake, inarudi. Kaseti ile ile moja, kila anayesema anamfuta mwenziwe. Siku redio ilipoila, Mjomba ndo akaja na fikra ya kompyuta.

Alikuwa akitaka kitu kimoja tu. Baba yao, yaani babu yetu, alifariki Mama bado anatambaa na Mjomba yumo tumboni. Picha hapana. Waliomjua walikuwa washakwisha, wengine kwa mauti, wengine kwa kuhama. Aliyebaki ni Bibi peke yake, naye miaka yote hiyo ukimtaja mumewe ananyanyuka anakwenda jikoni. Safari hii, sijui kwa uzee au kwa huruma ya mwanawe, alikubali. Mjomba akapiga simu kwa jirani, akamwambia Mama: "Mwambie aseme yote. Kompyuta haisahau. Ntakuja kusikiliza mwenyewe."

Basi kila baada ya sala ya Alasiri Bibi alikuwa akijitanda kanga yake, anakaa mbele ya maikrofoni kama yuko mbele ya kadhi. Harufu ya kahawa inapanda kutoka barazani, watoto wa watu wanacheza nage uchochoroni, na yeye anasema. Nassor alikuwa mlinzi wa mausi, mimi mlinzi wa mlango asije mtu akatupigia kelele. Siku ya mwanzo alichoka mapema, tukaipiga tukaisikiliza, ikatoka safi, sauti yake hasa. Bibi akakunja uso. Sauti ya mwanamke mwenye heshima zake, alisema, haichezwichezwi nyumba nzima kama santuri. Toka siku hiyo ikawa tunarikodi, tunahifadhi, hatufungui.

Ila ule ukaguzi ulimtia Mama wasiwasi. Kompyuta ikapelekwa kwa fundi wa redio na televisheni wa Mkunazini, ambaye siku hizo alikuwa ameanza na kompyuta pia. Akaifungua, akapuliza vumbi, akasema chumvi ya bahari imeingia, akabadilisha waya wa diski. Pale kwake ikawaka, ikazimwa, ikawaka tena, wala haikujikagua. Kuirudisha nyumbani, kesho yake kioo buluu. Ikarudi kwake. Akauliza kama kwetu umeme unakatikakatika. Tukamwambia la, mtaa wetu umeme umetulia, na ilikuwa kweli. Jirani yetu Bi Shemsa akatoa hukumu yake kwamba lile ni jicho, kitu kizuri kimeonwa na wengi wakati kinapandishwa ngazi. Bibi akaifukiza ubani, akaisomea Ayatul Kursiyyu kuanzia kioo mpaka waya wa chini. Fundi mwisho akasema tuiache, maadamu inajitengeneza yenyewe.

Sasa nikuelezeni nyumba ya Bibi ilivyokuwa. Adhana ya Magharibi ikianza, hapana kilichokuwa na haki ya kusema. Redio, televisheni, feni, hata mazungumzo. Na Bibi hakuwa mtu wa kuzunguka akizima kimoja kimoja. Alikuwa akisimama mlangoni, anavuta meni swichi ya umeme chini, nyumba nzima inanyamaza kwa pamoja, anabaki muadhini peke yake. Akishaitikia adhana na kuomba dua yake, anairudisha juu. Nassor akisikia ile Allahu Akbar ya mwanzo anabonyeza kuhifadhi maneno ya Bibi, anakimbilia msikitini. Mimi nnakimbilia kutia udhu. Tulizaliwa tukaikuta adabu hiyo. Fundi alipouliza habari za umeme kukatika, wallahi hapana hata mmoja wetu iliyempitia kichwani, kwani kwetu sisi ule haukuwa umeme kukatika. Ilikuwa ni adhana.

Bibi alitutoka wakati wa masika, bila ya kuugua. Mjomba hakuwahi maziko. Ilipokwisha hitma, Nassor akaiwasha kompyuta aiweke tayari kwa ajili yake. Mara ya mwanzo ilijikagua, kisha siku zilizofuata ikawa inafunguka moja kwa moja. Jioni moja Mama alikuwa anapita na sinia la vyombo, akasimama, akauliza mbona siku hizi haijikagui. Nikamuona anageuza uso taratibu kuitazama ile meni swichi, ambayo toka Bibi aondoke hapana aliyekuwa na moyo wa kuivuta. Akaweka sinia chini, akakaa. Baadae akatwambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mjomba wenu asilijue hili."

Fundi alipoelezwa akashika kichwa. Akasema kompyuta ukiikata umeme nayo bado inaandika, kinachoandikwa kinavunjika. Na kila ilipojikagua, vile vipande ilivikusanya ikavipa namba badala ya majina. Huko ndo kujitengeneza tulikokuwa tukikushukuru. Alivijaribu vyote, kimoja baada ya chengine, na hapana kilichofunguka.

Mjomba Seif akafika, mvi kichwa kizima, mtu tuliyekuwa tukimjua kwa sauti ya kaseti tu. Tukamuwekea ile ya siku ya mwanzo. Bibi anamsalimu, anamuombea, anaitaja nyumba walimokaa walipooana, kisha anasema, "Leo nshachoka. Kesho inshaallah ntakwambia baba yako alikuwa mtu gani." Basi, hapo ikakatika. Mjomba akawa bado anangoja, mkono ameuweka juu ya goti. Mama akamwambia zilizobaki mashine imeziharibu. Hakugomba. Akatugeukia mimi na Nassor: "Nyinyi mlikuwapo. Kila siku mlikaa naye. Basi nambieni nyinyi."

Tukatazamana. Wallahi nilitafuta. Nilikumbuka kioo cha buluu na kimstari cha manjano, nilikumbuka kanga ya Bibi na kikohozi chake, na mahali alipokuwa akisita akafuta macho. Maneno yenyewe hayakuja. Nani angejisumbua kusikiliza, na mashine inasikiliza? Nassor akasema babu alikuwa mtu mwema. Mjomba akatikisa kichwa. "Hilo hata makaburini wanalisema, mwanangu."

Alirudi Maskati, akafia huko huko. Mama naye ametangulia. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wa Mjomba juu ya goti roho inaniuma, na dawa yake siijui.

Enzi zetu tulikuwa maskini wa vitu, lakini habari za Mjini zote tulizipokea kwa sikio, na mtu akikuuliza unazitoa. Sasa hivi simu zinawaka kabla hujamaliza kusema bismillahi, na zina nafasi ya kuwekea maneno ya ukoo mzima. Juzi nilikaa na binti yangu nikaanza kumhadithia habari za Bibi. Akaiegemeza simu kwenye birika la chai, akabonyeza, kisha akafungua kompyuta yake akaendelea na mambo yake. Nikamwambia, mwanangu, nnasema nawe. Akanijibu kwa upole, hana ubaya mtoto yule: "Nnarikodi, mama. Ntasikiliza baadae."

Nikaendelea kuihadithia simu.